Kona Hamsini na Saba: siku nane Iringa, Kitulo, Rungwe na Masoko

Daftari langu lilinyeshewa siku ya nne. Kwa hiyo sehemu ya haya nimeyatoa kwenye picha za simu ya mpwa wangu, sehemu kwenye vikaratasi vilivyobaki mfukoni, na nyingine kichwani. Mahali pasipo na saa ujue wino ulikimbia.

Nilifundisha baiolojia miaka thelathini na mmoja, nikastaafu mwaka jana. Kila tulipofika kwenye mada ya viumbe na mazingira yao nilichora ngamia ubaoni: nundu, kope ndefu, unyayo mpana. Ngamia, kwa watoto wa Kihehe na Kibena! Dirishani kuna mianzi, nyuma yake milima, na mimi nimeshika chaki nachora ngamia. Jambo hilo lilinikera hadi siku ya mwisho kazini. Kiinua mgongo kilipotoka kikaliwa na bati na ada za watoto, na kilichobaki ndicho kilichopanda gari kwenda kuangalia viumbe wa kwetu wanaishije sasa, hali ya hewa inapowabadilikia.

Mpwa wangu, ambaye bado anasubiri ajira, alikubali kunisindikiza kwa sharti moja: nimlipie bando. Simu yake ina programu ya kupima kimo kutoka usawa wa bahari. Tukakubaliana tuandike kimo kila tunaposimama. Vipimo vya simu vinayumba, kwa hiyo vichukue kama makadirio.

Alhamisi 20 Februari. Iringa – Tanangozi – Makambako

Stendi ya Igumbilo saa moja asubuhi. Hatukupanda gari la moja kwa moja kwa sababu nilitaka kupita Tanangozi kwa mgema ulanzi mmoja ambaye wanawe wawili nimewafundisha. Nauli 2,000 kila mmoja.

Kwa wasiotoka huku: ulanzi ni maji ya mwanzi mchanga. Chipukizi likishakua kidogo hukatwa ncha, kinafungwa chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta, na kila asubuhi na jioni mgema anapita na kisu kuparura kidonda kipya. Niliinama kuangalia kwa karibu. Uso wa kidonda ulikuwa wa kijani cheupe, umelowa, una povu dogo pembeni, na nyuki watatu wamesimama juu yake kama wateja. Tone lilijikusanya, likanenepa, likaanguka. Nilihesabu hadi tisa kabla ya tone la pili.

"Mwalimu, zamani Krismasi tunakunywa huu," alisema. "Safari hii mvua ikachelewa, chipukizi zikatoka mwaka mpya umeshaingia. Mwanzi hausomi kalenda. Unasubiri ardhi ilowe."

Hapo nikapata somo la kwanza bila kulitafuta. Mwanzi wenyewe haujabadilika hata kidogo, umebadili saa yake tu. Mmea unaofuata maji badala ya tarehe una nafasi ya kupona mvua zikivurugika. Tabu inawapata wanaoutegemea ambao wana tarehe zao: ada ya shule inadaiwa Januari, mvua ikija isipokuja.

Tulikunywa mtogwa, ule mtamu wa asubuhi. Mkangafu, ule uliokwisha kuchacha na kuwa mkali, nilikataa kwa heshima. Mpwa wangu akanunua lita moja ya kwenda nayo, akaitia kwenye chupa ya maji na kukaza kifuniko. *Ewe msafiri, usifanye hivyo.* Ulanzi hauachi kuchacha eti kwa sababu umelipa nauli. Karibu na Mafinga kifuniko kiliruka hadi darini mwa Coaster, na abiria wa viti vinne tukanuka kilabu. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu alifungua kitenge chake, akafuta kiti, kisha akasema, "Mjomba wako hakukufundisha?" Mjomba akatazama dirishani.

Mafinga alipanda kijana aliyewahi kufanya vibarua Kihansi. Nilimhoji hadi Makambako. Wengi tunaijua Kihansi kwa umeme, megawati 180. Yeye aliijua kwa vyura. Ni chura wa manjano asiyefika sentimita tatu, anayezaa watoto hai wadogo mno, na ambaye aligunduliwa mwaka 1996 kwenye eneo lisilozidi hekta chache ambalo maporomoko yalikuwa yakilinyunyizia mvuke mchana na usiku. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo mwaka 2000, mvuke ukakatika. Mwaka huohuo vyura 499 walipelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx huko New York. Bondeni wakawekewa mabomba ya kunyunyizia. Mwaka 2003 wakaporomoka, na kuvu wanaoua vyura wakakutwa kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini, na mwaka 2012 wajukuu wa wale waliosafirishwa wakaanza kurudishwa. Kijana alikuwa ameyaona mabomba. "Mzee, chura ananyunyiziwa kama mchicha," alisema.

Kilichowapata hakikutokana na joto, lakini nimekiweka hapa kwa sababu kinaonyesha upande wa pili wa kuzoea. Chura huyu alikuwa amelizoea bonde lake kuliko kiumbe yeyote anavyozoea kwao. Alizoea mno, hata hakuwa na pa kwenda.

Makambako ni upepo. Chumba 20,000, maji ya moto kwa ndoo, wali maharage 3,000. Kimo: mita 1,660.

Ijumaa 21 Februari. Makambako – Igawa – Chimala – Matamba

Asubuhi tulishuka hadi Igawa, tukavuka daraja la mto Mbarali, ambao ukiendelea chini unaungana na Ruaha Mkuu. Maji yalikuwa mengi, mekundu. Mtu asiyejua hawezi kuamini kwamba Ruaha Mkuu, ukishapita mashamba ya mpunga ya Usangu na ardhioevu ya Ihefu, umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993. Lawama kubwa ni ya mifereji kuliko ya mawingu. Niliwahi kwenda huko na wanafunzi mwezi wa kumi. Tuliona tembo wamesimama kwenye mchanga mkavu wakichimba kwa mguu na mkonga hadi maji yatoke, na swala wakisubiri zamu kwa mbali. Hakuna mwili uliobadilika pale. Ni akili, na ndama anaiga kwa mama yake.

Chimala saa tano, joto, kimo mita 1,100. Chipsi mayai 3,500. Magari ya Matamba yanajaa polepole: tulikaa saa mbili na nusu tukisubiri abiria wawili wa mwisho. Nauli 6,000. Kaa upande wa kushoto ukitaka kuliona bonde, kulia ukiogopa.

Barabara ile inaitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake. Mpwa wangu alihesabu 54, mimi nikapata 59, dereva akasema tukibishana atatushusha tuhesabu kwa miguu. Katikati ya mlima lori la viazi lilikuwa limelala kwenye kona, gurudumu la nyuma mtaroni. Tukakaa hapo saa tatu. Ukungu ukashuka, baridi ikaanza kuuma, na mimi koti langu liko juu ya gari chini ya magunia. Mama mmoja mwenye lori lile, mwenyewe akiwa na hasara mkononi, aliwasha moto wa vijiti kando ya barabara, akachemsha viazi vyake kwenye sufuria ya utingo na kutugawia abiria wote pamoja na chumvi ya kwenye karatasi. Alikataa hela. "Ningelaza njaa wageni mlangoni kwangu?" alisema, na mlango wenyewe ni korongo.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo tuliibeba safari nzima. Ukipanda mita 100, hewa inapungua joto kwa takriban nusu digrii na zaidi kidogo, tuseme 0.6. Chini Chimala mita 1,100. Juu, kwa simu yetu, Matamba ilikuja kusoma 2,050. Gawanya kwa kona 57: kila kona inakupandisha mita 16 na ushee. Dunia ikiongezeka joto digrii moja, mmea unaotaka ubaridi wake uleule lazima upande mita kama 165. Yaani kona kumi.

"Digrii moja ni kona kumi," mpwa wangu akarudia, akaiandika kwenye simu. Tangu hapo hatukutaja mita tena ila kwa lazima.

Matamba saa moja na nusu usiku.

Jumamosi 22 Februari. Matamba

Gesti 15,000, safi, godoro zuri. Kilichonishangaza ni chandarua. Nilifika Matamba miaka ya tisini kwenye msiba na hapakuwa na chandarua hata kimoja. Nikamuuliza mama mwenye nyumba.

"Kamwene, baba. Mbu wamepanda. Tulidhani wamekuja na magari, lakini magari yanaondoka wao wanabaki."

Mbu anaweza kweli kupanda kwa gari. Malaria ndiyo inayohitaji zaidi ya lifti: kimelea chake lazima kikomae tumboni mwa mbu kabla mbu hajafa kwa uzee, na hewa ikiwa chini ya nyuzi 16 hivi hakikomai. Kwa hiyo watu wa juu walikuwa wanalindwa na baridi, wala si kwa kukosa mbu tu. Sidai kwamba Matamba sasa ina malaria yake yenyewe, maana wengi wanaougua huwa wametoka kuvuna mpunga bondeni. Nasema nimeona chandarua mahali ambapo hapakuwa nacho.

Mchana mama alinipeleka shambani kwake nyuma ya nyumba. Mahindi yalinipita kichwa. Aliniambia bibi yake alikuwa akipanda mahindi juu huku na kuyangoja karibu mwaka mzima, mengine yanapigwa na jalidi kabla ya kukauka, kwa hiyo watu walitegemea viazi, ngano na pareto. Siku hizi anapanda mbegu za UH zilizotoka kituo cha utafiti cha Uyole. Nilipomuuliza ni mbegu au ni joto, alicheka. "Nyinyi walimu mnataka jibu moja."

Jambo moja la lugha. Kwenye semina tunaambiwa *kukabiliana* na mabadiliko ya tabianchi, neno la vita, kama kwamba joto litakuja na rungu. Siku nane sikumsikia mtu shambani akilisema. Wanasema kuzoea, kuhama, kusubiri. Nadhani maneno haya matatu yananitosha kuliko yote niliyoandika ubaoni: mwanzi unasubiri, mbu anahama, tembo amezoea kuchimba. La nne, lile la vizazi kubadilika mwili, halina neno moja sokoni, kwa sababu hakuna aliyeishi muda wa kutosha kuliona kwa mnyama.

Jumapili 23 Februari. Kitulo

Bodaboda wawili, 30,000 kila mmoja kwenda na kurudi, baada ya kubembelezana. Kiingilio cha hifadhi hakilipwi kwa fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, kwa hiyo weka hela kwenye simu ukiwa bado Matamba kwa wakala. Vaa gambuti. Na tia daftari kwenye mfuko wa nailoni, nasema haya kwa uchungu.

Wenyeji wanaliita Bustani ya Mungu. Nyanda ya nyasi mita 2,600 juu, iliyotangazwa hifadhi mwaka 2005 kwa ajili ya maua kuliko wanyama. Aina za mimea zinapata 350, na kati ya hizo okidi za ardhini ni kama 45. Februari zimechanua. Picha ninazo zaidi ya mia mbili, na hakuna hata moja inayofanana na nilichoona: nyasi zote zimetiwa vidoa vyeupe, vya machungwa, vya waridi, na ukungu unapita juu yake ukifunika na kufunua.

Askari wa hifadhi aliyetuongoza, dada wa Kikinga, alituonyesha mahali mvua ilipobomoa ukingo wa njia. Okidi moja ilikuwa inaning'inia, mizizi nje. Chini ya shina kulikuwa na viazi viwili vidogo, kila kimoja kama kidole gumba. Kimoja kilikuwa cha kahawia, kimesinyaa, ngozi inakunjika ukikibonyeza. Cha pili cheupe, kigumu, kimejaa, kina manyoya laini kama mtoto mchanga.

"Huyu ndiye mama, ameliwa na ua la mwaka huu," alisema akigusa kile cha kahawia. "Huyu ndiye wa mwakani."

Alikirudisha chini, akapachika tope, akashindilia kwa kiganja.

Hivyo ndivyo inavyoishi. Kiangazi kikija na jalidi la Juni, au moto ukipita, kila kitu cha juu kinakufa na kile cheupe kinalala ardhini hadi mvua. Imejipanga kwa baridi, ukame na moto, vyote. Kwa bahati mbaya haikujipanga kwa jembe: kiazi hichohicho ndicho kinachosagwa na karanga kutengeneza chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia, na mizizi inayovuka mpaka huhesabiwa kwa mamilioni.

Nikamuuliza kuhusu kona kumi. Mbegu za okidi ni vumbi, upepo unaweza kuzipeleka popote. Lakini mbegu haina akiba ya chakula, haioti bila kuvu fulani wa udongoni kuilisha, na ua haliwi mbegu bila mdudu wake. Akihama mmoja, lazima wahame watatu. Na wahamie wapi? Kilele cha Mtorwi, mojawapo ya virefu zaidi kusini mwa nchi hii, ni mita 2,961. Toa 2,600. Mpwa wangu alipiga hesabu kwenye mvua, simu imefichwa ndani ya koti: kona ishirini na mbili. Yaani digrii mbili na kidogo, halafu ni mbingu. Na kadiri unavyopanda mlima ndivyo eneo linavyopungua, maana kilele hakina upana wa nyanda.

Tuliona pia mbayuwayu wa buluu wawili wakiruka chini kabisa ya nyasi. Huja huku kuzaliana msimu wa mvua na hushinda miezi mingine kaskazini, upande wa Ziwa Viktoria. Hutaga kwenye mashimo ya ardhini. Huyu naye anaishi kwa miadi: lazima afike wadudu wakiwepo, na anaondoka kule bila kujua huku mvua imeanza au la.

Saa nane mbingu zilifunguka. Tulirudi tumelowa hadi kwenye mifupa. Daftari likawa uji.

Jumatatu 24 Februari

Mvua siku nzima. Tulikaa jikoni kwa mama tukikausha karatasi moja moja juu ya jiko la mkaa.

Jumanne 25 Februari. Matamba – Kikondo – Isyonje

Hakuna gari la kueleweka kuvuka nyanda hadi Isyonje. Uliza madereva wa malori ya viazi jioni ya kabla. Tulipata lori lililoondoka saa kumi na moja alfajiri, 10,000 kila mmoja, mimi mbele na kijana juu ya magunia chini ya turubai. Tope Kikondo, tulisukuma mara mbili. Kufika Isyonje nikagundua koti nimelisahau kwenye msumari wa jikoni.

Isyonje, saa tatu, jua limetoka baada ya usiku wa baridi. Watoto wanne walikuwa wamezunguka kichaka wakirusha vijiwe kwa woga. Ni kinyonga. Mkubwa, pembe tatu puani kama kifaru aliyezidishiwa, yule wa milima ya Poroto na jirani zake ambaye hapatikani pengine duniani. Watu wa huku, kama kwetu, wanaamini ni mkosi. Nikawaomba wasimame.

Ubavu wake wa mashariki, ulioelekea jua, ulikuwa mweusi kama masizi. Nilizunguka upande wa pili: kijani. Mnyama mmoja, rangi mbili, mpaka umepita katikati ya mgongo. Alikuwa amejibapaza kama jani ili jua limpate vizuri. Tulisubiri. Baada ya dakika kama ishirini weusi ulianza kufifia kutoka mkiani, na jicho moja likageuka kunitazama wakati jingine likibaki kwa watoto.

Niliwaambia watoto na jambo la pili: huyu hatagi. Vinyonga wengi wa mabondeni hufukia mayai ardhini, lakini udongo wa huku ni baridi mno, kwa hiyo mama hubeba mayai tumboni na kuyapasha kwa kuota jua, watoto watoke wakitembea. Mtoto wa kike mkubwa kuliko wenzake akauliza, "Kwa hiyo akiota jua anawaota na watoto wake?" Katika miaka thelathini na mmoja sikuwahi kulieleza vizuri hivyo.

Kile cha rangi ni mazoea ya saa moja. Cha kuzaa ni cha vizazi visivyohesabika, hakibadilishwi kwa msimu mmoja wa joto.

Isyonje hadi Tukuyu 3,000. Mchana ndizi mbalaga na nyama, 4,000, sahani imejaa hadi haya.

Jumatano 26 Februari. Msitu wa Rungwe

Mwongozaji 40,000 kwa siku, pamoja na kibali cha hifadhi ya msitu. Alitujia saa kumi na moja na nusu na tochi. "Mwagona?" alitusalimu kwa Kinyakyusa. Tumelala, ndaga, yaani asante.

Tulikwenda kumtafuta kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja miaka yote, na watafiti walioyasikia masimulizi yao wakadhani labda ni mzimu wa msituni, hadi walipomwona mwaka 2003. Mwaka 2005 akaandikwa rasmi, na mwaka uliofuata ikabainika anastahili jenasi (kundi la spishi za karibu) yake peke yake, jambo ambalo kwa nyani na kima wa Afrika halikuwa limetokea tangu 1923. Anaishi Rungwe na Livingstone, na kundi dogo liko Ndundulu kule Udzungwa. Kwingine hayupo.

Manyoya yake ni marefu, ya kahawia, na kichwani ana kishungi kilichosimama. Ni koti. Huku juu usiku hewa hushuka chini ya sifuri, na kima mwenye manyoya ya Kyela, kule bondeni kwenye joto, asingemaliza wiki.

Hatukumwona. Saa mbili na robo, juu ya bonde, tulisikia mlio ambao ni kama mtu anabweka huku anakoroma, kisha matawi yakatikisika mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, na majani yakaendelea kudondosha maji baada ya wenyewe kupita. Nina video ya matawi hayo, sekunde kumi na moja. Mpwa wangu anaionyesha watu kama ushahidi wa mahakamani.

Mwongozaji aliniambia shida ya kipunji si joto kwa sasa, ni mbao na mkaa: msitu ukikatwa vipande, hata mwenye miguu ya kuhama hawezi kuvuka shamba la chai. Hilo nililikumbuka kutoka Usambara, ambako watafiti wamekuwa wakikamata ndege wa chini ya msitu kwa nyavu kwa takriban miongo minne. Ndege kadhaa mpaka wao wa chini umepanda, eneo lao limebanwa, na misitu yenyewe iko vipande vipande. Kupanda kona kumi kunataka barabara.

Alhamisi 27 Februari. Masoko, kisha nyumbani

Bajaji hadi ziwa Masoko na kurudi, 25,000, dereva kijana mpole aliyetusubiri bila kunung'unika. Ziwa ni la duara, limekaa kwenye shimo la volkano, mita 840. Wengi huja kwa habari za Wajerumani na hela zinazosemekana walizitupa majini. Mimi nilikuja kwa tope. Watafiti walitoboa chini ya ziwa hili wakatoa tope lililojipanga tabaka kwa tabaka kwa zaidi ya miaka 40,000, na ndani yake chavua za mimea iliyoota hapa zama zote hizo. Zinaonyesha misitu ikija na kuondoka, miti ya ukame ikichukua zamu, ya mvua ikirudi. Mimea ya huku imeshahama mara nyingi. Ilikuwa na maelfu ya miaka kwa kila hama, na hapakuwa na mashamba njiani.

Mpwa wangu aliingiza mkono majini, akatoa tope kidogo, akalinusa, akaliosha.

Basi la Tukuyu hadi Mbeya, kisha Mbeya hadi Iringa, 22,000 kwa jumla. Tulifika Igumbilo saa sita usiku. Matumizi yote ya watu wawili, siku nane: 545,000 na chenji, pamoja na bando.

Nyongeza, Aprili

Wiki mbili baadaye kondakta mmoja alinipigia nikachukue mzigo stendi. Lilikuwa koti langu, limefuliwa na kukunjwa. Mama wa Matamba alikuwa amemtafuta mtu wa Chimala, wa Chimala akamtafuta kondakta, na hakuna aliyetaka hela zaidi ya soda. Kila mfuko ulikuwa na viazi mbegu vitatu, vimeanza kuchipua.

Nilivipanda nyuma ya nyumba, mita 1,550, kona thelathini chini ya kwao. Vyote sita vilitoka. Vitano vinaendelea, virefu na vyembamba kuliko nilivyoviona kule. Cha sita kilinyauka mchana mmoja wa jua kali wiki iliyopita, na jioni hakikusimama. Mpwa wangu amekipiga picha.